Mama Hilda Anakabidhi Bahasha

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Ottilia Kinunda atafunga kwa mara ya mwisho mlango wa chumba cha sampuli katika kiwanda chetu cha kukoboa kahawa hapa Mbinga, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Wengi wetu humwita Mama Hilda, kwa jina la binti yake wa kwanza, na ndivyo atakavyoitwa katika wasifu huu. Ukifika getini ukamwulizia Bi. Ottilia, hata mlinzi atakuambia hamfahamu.

Mwandishi ni Clemence Mapunda, fundi wa mashine za kukobolea na mwanachama wa Klabu ya Picha ya Wafanyakazi. Kamati ya kumuaga imemwagiza ajitaje kama mtu mwingine, kama ilivyo desturi ya wasifu. Atajitahidi, ingawa mbele kidogo mtaona kwa nini imemwia vigumu.

Mama Hilda alizaliwa Mpepai mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa kahawa na mahindi. Aliolewa na Mzee Steven, mtu wa Kihagara, mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo anaijua baridi ya milimani na anajua pia kuparua samaki. Aliajiriwa Aprili 1991 kuosha vikombe vya waonjaji. Ndani ya miaka sita alikuwa anakaanga sampuli mwenyewe, anazisaga, anazipanga mezani, na hatimaye akawa msimamizi wa chumba kizima.

Kwa wasioijua kazi hiyo, kahawa ya mkulima ikifika kwetu hutolewa kiasi kidogo na kuwekwa kwenye kopo lenye namba. Jina la mkulima hubaki kwenye daftari ambalo mwonjaji halioni. Mwonjaji huvuta kahawa kwa kijiko kwa kelele ambayo nyumbani ungechapwa kwayo, huitema, kisha huandika alama. Hajui kama ameonja kahawa ya diwani au ya bibi kizee wa Litumbandyosi mwenye mibuni arobaini. Mama Hilda ndiye aliyelishika daftari hilo, na kwa miaka yote hiyo halikuwahi kulala wazi juu ya meza.

Klabu ya Picha ilianzishwa mwaka 2006 na wafanyakazi wachache wenye kamera za filamu, kisha ikawafungulia mlango walimu, wauguzi na madereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Shindano la kwanza lilikuwa kichekesho. Kila picha ilibandikwa ukutani ikiwa na jina la mpigaji kwa maandishi makubwa, na ushindi ukaenda kwa meneja wa wakati huo, kwa picha ya gari lake jipya, tairi la mbele likiwa limekatwa na ukingo. Ukumbi ulipiga makofi. Mama Hilda, aliyekuwa amekuja kugawa chai tu, aliweka birika chini, akaenda chumba cha sampuli na kurudi na vibandiko vya namba vya makopo. Alimwambia katibu kwamba wakulima wetu hatuwafanyii hivi, na picha zisifanyiwe.

Tangu siku hiyo klabu inahukumu picha kama kiwanda kinavyoonja kahawa. Kila mshindani huleta picha moja au mbili zilizosafishwa kwa ukubwa mmoja, zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Mpokeaji huandika namba nyuma ya kila picha kwa penseli bila kuigeuza, jina na namba huingia kwenye orodha, na orodha huingia kwenye bahasha inayofungwa kwa gundi. Majaji watatu hutoka nje ya klabu. Mzunguko wa kwanza hupita mbele ya picha zote kimya, wakichuja zinazobaki na zinazotoka. Mzunguko wa pili kila jaji hutoa alama hadi kumi, kwa siri. Mzunguko wa tatu husema walichokiona: mwanga umetoka wapi, jicho linakwenda wapi, kitu gani kingeachwa nje. Ni baada ya hapo tu bahasha hufunguliwa.

Mtu wa kuishika bahasha hakupigiwa kura. Wote tuligeuka tukamtazama yeye.

Masharti ya kiti hicho aliyatunga mwenyewe, na ni makali. Mwenye bahasha hashindani. Hukaa mezani pembeni mwa majaji, akiwa ameukabili ukumbi, na hasemi neno lolote juu ya picha yoyote mpaka bahasha ifunguliwe. Tatizo lilikuwa uso wake. Washindani walikuwa hawazitazami picha tena, wanamtazama Mama Hilda ili waone amecheka kwenye namba gani. Ikabidi ajifunze kuufunga uso. Winifrida wa jikoni aliwahi kusema kwamba siku ya shindano uso wa Mama Hilda ni kama benki siku ya Jumapili. Bartholomayo, dereva wa lori, alileta picha ya jogoo wake yuleyule miaka saba mfululizo, na jaji mmoja akauliza kwa uchungu kama jogoo huyu hafi. Ukumbi mzima ulilia kwa kicheko. Mama Hilda alikuwa anatazama kikombe chake cha chai.

Sasa tufike mwaka 2017, ambao mwandishi angependa kuuruka lakini kamati imekataa.

Mwaka huo Clemence alileta picha aliyoipiga nyumbani kwao Liuli, asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Juu ya maji zilisimama nguzo tatu nyeusi, ndefu, zinapinda kidogo kuelekea upande wa Malawi. Mtu wa ziwani hahitaji maelezo. Hao ni wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa mamilioni, nasi mwambao tunawaita nkungu. Upepo ukiwaleta nchi kavu watu huwakusanya kwa masinia yaliyopakwa mafuta, huwaponda wakawa kama andazi jeusi, wakala na ugali. Clemence aliisubiri picha hiyo misimu miwili. Aliamini ndiyo picha bora atakayowahi kuipiga maishani mwake, na kusema kweli bado anaamini hivyo.

Jaji mgeni, mtu mwungwana aliyetoka mbali na ambaye hakuwahi kuliona Ziwa Nyasa, aliisogelea, akavua miwani, akaivaa tena. Alisema huu ni moshi, na moshi hautoki majini, kwa hiyo picha imechezewa kwenye kompyuta. Kanuni yetu ni kwamba picha iliyochezewa hutoka. Watu wa mwambao waliinuka vitini. Mama mmoja akapaza sauti: "Huo si moshi, baba, hao ni nkungu! Sisi tunawala!" Mwenyekiti akamnyamazisha, maana ukumbi hauruhusiwi kuwafundisha majaji. Ndipo jaji mgeni, kwa nia njema kabisa, akamgeukia Mama Hilda na kumwuliza kama mwenye picha aliacha maelezo yoyote.

Mama Hilda alijua ni nkungu. Amewala nyumbani kwa mumewe zaidi ya miaka thelathini. Alijua pia ni picha ya nani. Clemence, akiwa safu ya tatu, alikuwa amemkazia macho mwenye bahasha kwa nguvu zake zote tangu watu walipoinuka, akimwomba aseme neno moja tu. Yeye alikuwa ameinamisha macho kwenye karatasi zake tangu zogo lianze, na hakuyainua alipojibu: "Mimi nina namba tu, mheshimiwa."

Picha ikatoka.

Kanuni zilimpa mwenye picha siku saba za kulalamika. Clemence hakulalamika, alinuna. Alihamisha kikombe chake cha chai kutoka meza ya Mama Hilda akakipeleka kwa watu wa mizani, na akakaa huko miezi tisa. Shikamoo alikuwa anaitoa, maana adabu ni adabu na yule ni mkubwa wake, lakini aliitoa huku anatembea. Kilichomuuma si picha peke yake. Aliona kwamba mama huyu, aliyekuwa akimwita mwanangu, hakumtupia hata jicho.

Mama Hilda hakuomba radhi, na hakubadili sharti la ukimya. Alichofanya ni kuongeza kikaratasi. Tangu mwaka 2018 kila picha huja na kikaratasi kilichokunjwa na kugundishwa nyuma, chenye mahali, saa, na sentensi moja ya kueleza kinachoonekana, bila jina. Majaji hukifungua pale tu wanapotaka kuitoa picha kwa kosa la kuchezewa. Vikaratasi hivyo vimeokoa picha nne hadi leo, pamoja na ya upinde wa mvua wa usiku ambayo hata sisi wenyewe tuliitilia shaka.

Jambo la pili alilifanya jikoni. Jaji yule alialikwa tena mwaka 2018, na kabla ya kazi kuanza aliletewa chai na kitafunio cheusi kutoka Kihagara. Alikula viwili, akasifia, akauliza kama ni dagaa waliosagwa. Mama Hilda akamjibu, bila kutabasamu, kwamba amekula moshi wa mwaka jana. Mzee wa watu alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba picha ya nkungu irudishwe ipewe alama. Haikuwezekana, kwa sababu matokeo yakishasomwa hayafunguliwi, na aliyemkumbusha hivyo ni Mama Hilda mwenyewe. Jumatatu iliyofuata Clemence alirudisha kikombe chake kwenye meza ya zamani. Mwiba mdogo ulibaki, naye hakuutaja tena.

Mafanikio mengine ya Mama Hilda ni mengi kuliko nafasi tuliyopewa. Amefundisha vijana kumi na wawili kukaanga sampuli, na wawili kati yao ni waonjaji kamili. Alikataa mara tatu kupandishwa kwenda ofisi ya juu, kwa maelezo kwamba huko hakuna harufu. Ukoboaji ukisimama kwa hitilafu, yeye ndiye huleta viazi vya kuchemsha kwa mafundi, na mwandishi amekula sehemu kubwa ya viazi hivyo.

Februari mwaka huu aliitisha kikao cha klabu na kusema jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema kwa miaka thelathini na minne ameweka kahawa za watu mbele ya waonjaji na picha za watu mbele ya majaji, na hajawahi hata siku moja kuwekwa yeye. "Kabla sijaondoka," alisema, "nataka na mimi niwe namba. Hata mara moja tu." Kwa kuwa mwenye bahasha hashindani, aliikabidhi siku hiyohiyo. Alimkabidhi Clemence. Wapo waliokohoa.

Shindano lilifanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mama Hilda alikaa nyuma, katikati ya washindani, na Winifrida aliyekaa karibu naye anasema alikunja na kukunjua leso yake mpaka pindo likafumuka. Mwenye bahasha mpya alikaa pembeni mwa majaji, ameukabili ukumbi. Aliipokea picha ya mama huyu ikiwa ndani ya gazeti na kuiandikia namba 23 bila kuigeuza, kama alivyofundishwa. Hakujua ni picha ya nini.

Hildegardi, anayepandisha picha kwenye kisimamio, akaiweka namba 23 na kusoma kichwa chake: Anajua Kuwa Najua.

Ilikuwa picha ya simu, ya zamani, ina chenga. Ilipigwa kutoka kwenye kiti cha mwenye bahasha. Ni ukumbi huuhuu, watu wa mwambao wamesimama, mama mmoja ameinua mkono na kinywa kiko wazi, mgongo wa jaji mgeni umeziba kona. Wote wanatazama kitu kilicho nje ya picha. Mtu mmoja tu, safu ya tatu, hatazami huko. Anamtazama mpiga picha moja kwa moja, na macho yake yanaomba.

Clemence aliutambua uso wake mwenyewe, ukiwa na miaka minane pungufu na bila ndevu. Kumbe siku ile alionwa. Aliyeinamisha macho alikuwa ameinamia simu iliyoegemea kikombe, akauhifadhi ule uso usipotee.

Majaji waliijadili picha hiyo kwa dakika nyingi, na mwenye uso huo alikuwa hatua mbili kutoka kwao, haruhusiwi kupepesa jicho. Jaji mmoja alilalamikia chenga. Wa pili alisema kila kitu katika picha hii kinakimbilia upande mmoja isipokuwa macho ya kijana huyu, na ndiyo maana hawezi kuiacha. Wa tatu, Mwalimu Jacqueline, aliitazama picha, akamtazama Clemence, akaitazama picha tena, kisha akasema alama yake ameshaiandika na haibadilishi. Clemence alikuwa anatazama kikombe chake cha chai. Mwandishi anaweza kuthibitisha kwamba hakuna kazi ngumu kama hiyo katika kiwanda hiki, na kwamba mama huyu ameifanya mara kumi na nane.

Saba, tisa, tisa: ishirini na tano. Ushindi ulikwenda kwa mwanaklabu Vitalis, kwa alama moja zaidi, kwa picha yake ya malori ya Ngaka yaliyokwama kwenye matope. Bahasha ilipofunguliwa na jina la namba 23 kusomwa, ukumbi ulisimama wote, na Mama Hilda alificha uso kwenye leso iliyofumuka. Anasema ishirini na tano inamtosha kabisa, na chenga ni za kweli.

Watu walipoanza kutawanyika, Clemence alimfuata kule nyuma. Alimpa shikamoo. Safari hii alisimama.

Mama Hilda, asante kwa makopo, kwa daftari, kwa vikaratasi na kwa viazi. Uongozi, wafanyakazi wenzako na wanaklabu wote tunakuombea afya njema, mavuno mazuri Mpepai, samaki wa kutosha Kihagara, na Mzee Steven asikuchoshe kwa maswali sasa kwa kuwa utakuwa nyumbani kutwa. Picha zako za mwakani zilete mapema, zikiwa ndani ya gazeti. Tutazipa namba kama za wengine, na mwenye bahasha atanyamaza.