Mwalimu Gusa, Aliyesema Alichokiona

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na wakubwa wamenionya nisome taratibu, nisigombane na mtu. Nitajaribu.

Dada yetu, ambaye watoto wa bwawa la manispaa walimwita Mwalimu Gusa na jina likamganda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa kifungua mimba wa marehemu baba yetu, mpiga chapa, na marehemu mama yetu, muuza mboga. Tulizaliwa watano. Mama akishatoka alfajiri kwenda sokoni, dada ndiye alikuwa mama. Alituogesha, akatulisha, akatuchapa, na hakuna kati yetu aliyewahi kumkimbia akafika mbali.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Alipokuwa darasa la tano, mwanafunzi mwenzake alizama katika shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua. Shule ikasema watoto walitoroka kwenda kucheza. Dada akasimama mbele ya wazazi wote akasema hapana, tulitumwa na mwalimu tukachote maji ya bustani. Alichapwa vibaya sana. Usiku mama akawa anamkanda kwa maji ya moto na kumwambia, "Mwanangu, mdomo uliponza kichwa." Akajibu, "Basi na kiponzwe, mama. Mimi nimeona." Toka siku hiyo alitaka kujua kuogelea, na alipomaliza kidato cha nne mwaka 1978 akajifunza.

Mwaka 1981 aliajiriwa bwawani kufundisha watoto. Aliwafundisha kwa mchezo wa kupokezana: wawili upande huu, wawili upande ule, na hakuna kuruka majini mpaka mwenzako akuguse mkono. "Gusa ndipo uende!" Sauti yake mliisikia hata ninyi mliokuwa mkipita barabarani na shughuli zenu.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, tarehe 22 Septemba 1984. Shemeji alilipia masomo ya kuogelea miezi mitano mfululizo na hakuwahi kuachia ukingo wa bwawa. Mwishowe dada akamwambia, "Wewe hukuja kuogelea." Shemeji akasema, "Leo ndiyo umejua?" Mpaka leo hajui kuogelea. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka 1996, mama mmoja aliyekuwa akisafisha vyoo vya bwawani alimleta binti yake wa miaka sita. Mtoto alikuwa anaogopa maji hata ya kwenye beseni, na dada akampa jina la Paka. Miaka miwili baadaye hapakuwa na wa kumkamata majini. Mama yake alipofariki, Paka akawa anakula kwa dada, analala kwa dada, anavaa sare zilizoshonwa na shemeji. Mimi aliniita Mama Mdogo. Kila asubuhi, kabla hajafika getini, tayari amepaza sauti: "Shikamoo, Mwalimu!" Na dada anaitikia kutoka ndani, mswaki mdomoni.

Karatasi mliyo nayo hapa inaruka. Kamati ya mazishi imeona ni heri tuuache mwaka 2012 upite kimya kimya. Mimi siuruki.

Mwaka huo, tarehe 9 Juni, mji wetu ulipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya triathloni, mbio za kupokezana za timu mchanganyiko. Kwa wasiojua: timu ina wanaume wawili na wanawake wawili. Mmoja anaogelea, anapanda baiskeli, anakimbia, kisha anamgusa mwenzake mkono ndani ya kisanduku kilichochorwa chini, naye anaanza yote upya. Hakuna kijiti. Nilimtania dada, "Mkono mtupu haulambwi. Sasa hawa wanapokezana nini?" Akasema, "Wanapokezana ruhusa."

Paka alikuwa wa mwisho katika timu yetu. Dada alikuwa mmoja wa waamuzi. Alishamwambia mwamuzi mkuu kwamba yule binti ni kama mwanawe, kwa hiyo akapangwa mbali, kwenye baiskeli. Katikati ya mbio, mwamuzi wa kisanduku akaanguka kwa jua kali. Dada akaambiwa aende. Akasema mwekeni mtu mwingine. Akaambiwa mtu hakuna. Akapita karibu na uzio niliposimama, nikamshika nguo. "Dada, sema tumbo linakuuma." Akanitazama. "Tumbo langu lina kosa gani?" Akaenda.

Tulikuwa wa tatu. Medali ya shaba, jamani, mji mzima ulikuwa umeshaanza kucheza. Kijana wetu akaja anapepesuka, Paka amenyoosha mkono nyuma, watu wanapiga kelele mpaka masikio yanauma, na Paka akaondoka. Akajitupa majini. Dada akamgeukia mwamuzi mkuu akasema, "Hawajagusana."

Adhabu yake ni kusimama sekunde kumi kando ya njia huku wenzako wanapita. Paka akasimama. Medali tukaikosa kwa muda mfupi kuliko ule aliosimama.

Jioni ile Paka aliwaambia waandishi wa habari, huku analia, "Tuligusana. Mwalimu amenilea, sijui kwa nini amenifanyia hivi." Kijana aliyemtangulia akasema alikuwa hoi, hakumbuki hata jina la mama yake. Kamera zilikuwa zimepiga migongo ya watu. Basi likabaki neno la dada na neno la binti, na ninyi mlichagua. Msiinamishe vichwa, mlichagua.

Geti lake liliandikwa MSALITI kwa rangi nyekundu. Shemeji alilipaka upya, likaandikwa tena. Wateja wake walikuja kuchukua vitambaa vyao hata havijakatwa. Wazazi waliwaondoa watoto darasani, na uongozi wa bwawa ukamhamishia dada kwenye dirisha la tiketi. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kuelea akawa anakata tiketi. Hakulalamika. Nililalamika mimi, nikachoka.

Paka alipostaafu mashindano, aliajiriwa kufundisha watoto pale pale. Kila asubuhi alipita mbele ya lile dirisha, na hakusema shikamoo. Uso anauelekeza ukutani, anapita. Nilimwambia dada, "Mwite umseme!" Akasema, "Salamu haiombwi. Yule mtoto ana aibu, hana kiburi." Nikamwambia ana vyote viwili.

Siku moja nilimkuta foleni imesimama, yeye ameshika tiketi hewani, ametulia tuli. Kutoka ndani sauti ya Paka inasikika: "Gusa ndipo uende!" Baba mmoja kwenye foleni akafoka, "Mama, umelala?" Dada akasema, "Samahani baba, nilikuwa nasikiliza darasa."

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mumewe na mwanawe walimuuguza bila kuchoka, na tunawashukuru wauguzi waliomhudumia. Mwezi uliopita aliniita karibu na kitanda. Akasema, "Akija kunisalimu nikiwa nimeshaondoka, umwitikie." Nikauliza, "Nani?" Akasema, "Unamjua." Nikasema simwitikii ng'o. Akacheka mpaka akakohoa. "Utaitikia. Hasira yako wewe ni moto wa karatasi." Akaniagiza na jambo la pili: siku ya kusoma watu aliowaacha, watoto wake wawe wawili. Mumewe aliridhia. Mimi nikainuka kumwekea mto sawa.

Dada yetu alifariki dunia hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Na haya ya leo hayawezi kuwa kwenye karatasi. Asubuhi hii, sebuleni kwake, wanawake tukiwa tumekaa chini, Paka aliingia. Akasimama miguuni mwa jeneza, akaweka mkono juu yake. "Shikamoo, Mwalimu." Kisha akasema, kwa sauti iliyowafikia wote, "Hatukugusana." Nilikuwa pale na kikombe cha chai mkononi. Nilinyanyuka nikaenda jikoni.

Neno moja tu! Neno moja limechukua miaka kumi na moja, na aliyelingoja ameshafumba macho. Alikuwa anapita mbele ya dirisha lile kila siku, angelisema hata kwa kunong'ona, angeliandika hata mgongoni mwa tiketi. Nina hasira. Nawaambieni wazi mbele ya kaburi, nina hasira, na hapa dada alikosea, kwa sababu huu si moto wa karatasi.

Marehemu ameacha mume, wadogo zake wanne, wajukuu watatu, na watoto wawili. Karatasi inasema mtoto mmoja. Niliyeandika vile ni mimi, kwa ubishi wangu, kwa hiyo sahihisheni. Wa kwanza ni mwanawe, fundi umeme, aliyeketi hapa mbele. Wa pili ni yule binti aliyesimama nyuma kabisa, karibu na lango, anayetazama viatu vyake.

Mwenyezi Mungu amlaze dada yetu kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayemuuliza tena aliona nini.

Na wewe binti, salamu yako ya asubuhi ilibaki hewani, na nyumba yetu haijawahi kuacha salamu ya mtoto bila jibu. Haya si yangu, mimi nimetumwa.

Marahaba, mwanangu.