Toroli la Sekenke

Tangu basi lilipotoka Kiomboi, Gervas fundi alikuwa akijisifu kwa Dorkas, mama aliyeketi naye. "Toroli lile juu ya paa nililiokota Sekenke, mama, limepinduliwa juu ya kifusi cha machimbo. Nimelitia gurudumu la pikipiki, nikaziba matundu ya kutu. Mteja wangu analingoja Iguguno."

Dorkas akashika kifua. "Kifusi? Lile ni kaburi la mume wangu! Matundu tuliyatoboa wenyewe kwa sururu. Kwetu chombo cha marehemu hutobolewa, asije mtu akakitamani."

Gervas akajitetea. "Mama, siku hizi biashara ni ruksa, nikadhani..."

"Ruksa hata makaburini?"

"Nitalirudisha, mama."

"Likiwa zima hivyo, bila matundu? Si wataliiba tena!"

Basi likasimama Iguguno. Mteja wa Gervas alikuwa chini, amekwisha kunyoosha mikono kulipokea toroli.