Odile Cyr na Miaka Aliyosoma Kimya

Ndugu, majirani na marafiki mliopita kwenye theluji hii kuja kumsindikiza mama yetu, familia inawaomba mketi, mumsikilize kwa mara nyingine, kwa kinywa changu mimi Gaétan, mwanawe wa pili.

Marehemu Odile Cyr alizaliwa tarehe 11 Februari 1942, hapa Rivière-Cendrée, kaskazini mwa New Brunswick, akiwa mtoto wa nne wa Alphée na Yvonne Thériault. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, ambako vitabu vilivyokosa wanunuzi vililetwa kwa malori ili visagwe upya, naye jioni alirudi na kimoja ndani ya koti, aghalabu kimechanwa jalada na kurasa za mwanzo. Hivyo marehemu alijifunza kusoma hadithi kuanzia katikati, na mwanzo akautunga mwenyewe huku akipika ploye, chapati laini za kwetu, kwenye jiko la mama yake, ambazo nyingi ziliungua.

Alianza shule ya kijiji Septemba 1948, akasoma vizuri hadi mwaka 1951, siku aliposimamishwa mbele ya darasa asome kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuzungumzwa nyumbani kwao, na ulimi wake wa Kifaransa ukayapinda maneno, darasa likaangua kicheko, mwalimu akamwambia, "Keti, Odile, unatuumiza masikio." Aliketi, na tangu siku hiyo hakusoma tena kwa sauti mbele ya mtu, hata kanisani, hata sisi wanawe tulipokuwa wadogo tukimwomba hadithi ya kulalia, akatusimulia kwa kichwa huku kitabu kimefungwa mapajani, nasi tukidhani ndivyo akina mama wote wafanyavyo.

Aliacha shule Juni 1958, na mwezi uliofuata akaajiriwa kiwandani, kitengo cha kuchambua karatasi chakavu, alikodumu miaka thelathini na tisa. Msimamizi wake, Bwana Ouellette, ambaye leo yupo nasi pale mbele, alimkuta siku moja amejibanza nyuma ya marobota, akamuuliza, "Wewe binti, unalipwa kuchambua au kusoma?" Marehemu hakuinua macho, akajibu, "Nachambua, bwana, tamu huku, chungu kule." Bwana Ouellette alimkata mshahara wa saa moja, na wiki iliyofuata akamwekea kando sanduku zima la riwaya.

Tarehe 9 Oktoba 1965 alifunga ndoa na Réjean Cyr, fundi wa mitambo hapo hapo kiwandani, mpenzi wa hoki na riwaya za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakajaliwa watoto wawili, Lucille mwaka 1967 na mimi mwaka 1970. Jioni walikaa pande mbili za taa moja, kila mtu na kitabu chake, na aliyethubutu kuwasemesha angejibiwa na mguu wa meza kabla yao.

Tarehe 22 Mei 1979 bomba la dawa ya kung'arisha karatasi lilipasuka, likammwagia baba usoni, akapoteza macho yote mawili. Miezi mitano alikaa dirishani, akikataa hata redio, mpaka Jumapili moja alipopapasa akaushika mkono wa mama, akasema, "Nisomee, Odile." Mama akamwambia, "Siwezi, Réjean, unajua siwezi." Baba akasema, "Nipo gizani, mke wangu, hata ukikosea nitajuaje?"

Mimi na Lucille tulikuwa ngazini, tukamsikia akianza na ukurasa wa hoki wa gazeti, sauti imekauka, akikwama kwenye majina ya wachezaji, akirudia, akivuta pumzi kama anayebeba mzigo mlimani, na alipomaliza matokeo baba alikuwa analia na kucheka, maana timu yake ilikuwa imefungwa saba. Baada ya hoki zikaja riwaya, kisha majirani wakaanza kuja na viti vyao, na alipostaafu mwaka 1997 akawasomea wazee wa nyumba ya wazee kila Alhamisi, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, ulimi wake ukiwa uleule, na hakuna aliyelalamikia masikio.

Baba alifariki mwaka 2009. Januari 2018 mama alipatwa na kiharusi, ambacho kilimwachia usemi lakini kikamnyang'anya herufi, akawa anauona ukurasa na haumwambii kitu. Alilia siku mbili, siku ya tatu akampa Lucille kitabu. Wiki ya mwisho, Lucille akiwa amechoka na anasoma mbiombio, mama alimgusa goti akasema, "Polepole, mwanangu, unakimbilia wapi, nami siendi popote?" Alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2019, alasiri, Lucille akiwa katikati ya sentensi, naye akaisoma mpaka nukta ndipo akatuita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti miaka ile na chakula wiki hii, wenzake wa kiwandani, na wewe Bwana Ouellette kwa lile sanduku.

Mama, nimejitahidi kutokwenda mbio. Pumzika kwa amani, tumekusikia.