Chupa Mbili za Soomri

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Soomri Khaskheli, mchuma pamba wa huku kwetu Sanghar, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka arobaini na minne. Niwaambie mapema, sina la kuwafariji.

Soomri alikuwa mcheshi. Shambani aliimba vibaya makusudi, mpaka wenzake wamtupie pamba wakimwomba anyamaze. Alizaa watoto watatu, na kabla yao alimlea mdogo wake, Hajran, tangu mama yao alipofariki.

Mwaka huu akaanza kukonda. Anamaliza mtungi wa maji na bado ana kiu. Sasa, sisi tunajijua. Mgonjwa wetu hapelekewi machungwa tu, anapelekewa dripu ya glukosi, yale maji ya sukari ya kutia mshipani. Msimu wa pamba ukikaribia, wanawake hujipanga kwa tabibu watundikiwe chupa, wapate nguvu. Hajran akanunua mbili. Kwa dada yake, moja aliiona ndogo.

Tabibu wa kijiji, Allah Bachayo, alisita. "Kiu hii siipendi. Mpelekeni mjini apimwe sukari kwanza."

Hajran akamjia juu. "Dada yangu anakauka mbele ya macho yako, na wewe unaogopa chupa ya maji? Kama mkono unakutetemeka, sema tumwite mwingine!"

Soomri akacheka pale kitandani. "Nitundikie tu, tabibu. Huyu bila hivyo ataniua kwa kelele."

Akatundikiwa. Wasikilizaji, Soomri alikuwa na kisukari. Hakujua. Hajran naye hakujua. Mwili uliokwisha kuzidiwa na sukari ukaongezewa sukari.

Chupa ya kwanza ilipoisha alisema amepata nafuu. Wakamwekea ya pili. Kabla ya adhuhuri akawa haitiki akiitwa. Hospitalini mjini, daktari aliuliza amepewa nini.

"Tumempa nguvu," Hajran akajibu.

Soomri alikata roho kesho yake, saa nne asubuhi.

Natamani niwaambie kijiji kimejifunza. Hakijajifunza kitu. Juzi matangani nilimkuta shangazi wa Soomri na Hajran amelala, chupa inaning'inia juu yake, eti kilio kimemmaliza nguvu. Hajapimwa. Nilinyamaza, na hilo linanitafuna hadi sasa.

Tunawapa pole mumewe, Khan Muhammad, na watoto wote watatu. Nawe msikilizaji, ukiona wako anakunywa maji na kiu haikatiki, nakuomba, apimwe kwanza. Fikiria nani nyumbani kwako yuko hivyo leo.

Hajran nilimpa pole pia. Nikamwambia alitaka wema, na kwamba ni kazi ya Mungu.

"Pole wape watoto," akasema. "Sindano ilipoingia alishtuka, akataka kuuvuta mkono. Mimi ndiye niliyemshikilia."