Karibu ya Tatu Haugdal

Sogezeni viti, wanangu. Arvid, kaa upande huu ambao sikio bado linasikia, na wewe Inga acha kukunja mashuka, maana haya nimeyaweka moyoni miaka mingi na sina pumzi ya kuyarudia.

Nyumba ni ya Inga. Vazi langu la sherehe, lile jeusi lenye vifungo vya fedha, ni la Inga pia, pamoja na kifimbo cha kusukumia mikate ya viazi, ingawa simwoni atakayekuja kuila.

Kinachonilemea ni ghala. Babu wa baba yangu alilijenga kwa magogo ya misonobari mwaka alipofika hapa Marekani kutoka Norwe, akaliinua juu ya nguzo panya wasipande, akaotesha nyasi juu ya paa, na hilo tu ndilo linalowaleta wageni Haugdal tangu barabara kuu ilipotukwepa. Sisi wenyewe tumekwisha. Shule imefungwa. Kanisa la juu na kanisa la chini, yaliyonuniana miaka themanini kwa ugomvi wa nani amechaguliwa na Mungu, sasa yanagawana mchungaji mmoja, na kwenye karamu ya samaki wa magadi, yule mkavu wa Kinorwe anayelowekwa hadi alegee, mwaka jana tulikuwa wazee ishirini, tukimsifu samaki ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpenda.

Funguo za ghala angezishika Ragna, dada yangu. Alipofiwa na mumewe alikuja kutoka Seattle, akaketi mezani pangu, akasema, "Borghild, nirudi tukae wote, tulitunze ghala?" Nikamwambia, "Hapana, usijisumbue." Akasema, "Kweli dada, nataka." Nikasema, "La, una maisha yako huko." Mnajua tulivyolelewa: kahawa unaikataa mara ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa haya, ya tatu unapokea kikombe. Godoro lake nilikuwa nimeshalianika juani. Nikangoja ya tatu. Lakini Ragna alikuwa amekaa miaka thelathini na watu ambao hapana yao ni hapana, basi akamaliza kahawa, akanibusu, akaondoka. Nikabaki nimemkasirikia, eti ana kiburi gani hata ashindwe kuuliza mara moja zaidi, na hasira hiyo niliilea miaka tisa mpaka wakanipigia simu kwamba amefariki. Godoro liko juu bado. Msilitupe.

Na wewe, Arvid. Siku ya Pasaka uliniuliza, "Mama, nirudi nilishike ghala?" Nikasema hapana, una kazi yako mjini. Ukauliza tena kwa simu, nikasema usijisumbue, nikaweka simu chini, nikaenda kutia mafuta kufuli. Halafu mchungaji ndiye aliyeniambia kwamba ghala, nililokwisha kukuandikia jina lako, umemuuzia yule mwenye hoteli ya ziwani, na kwamba Jumatatu watayatia magogo namba na kuyabeba wakalijenge upya kwake. Sikulaumu. Ulisikia nilichosema. Ila leo nasema mbele ya dada yako kwamba nilitaka urudi, nilitaka mara zote mbili, na nilijua nilichomfanyia Ragna nikakirudia kwako. Niulize tena, mwanangu.

Unatazama viatu. Basi, umeshatia sahihi, najua. Bila ghala, Haugdal ni njia panda na makaburi.

Nizikeni kanisa la chini, ubavuni pa nafasi niliyomwekea Ragna, ambayo imebaki tupu. Baada ya mazishi wakaribisheni watu kahawa mara tatu, na wakikataa ya tatu, waulizeni ya nne. Mungu awashike mikono, wanangu, awape ulimi wa kusema ndiyo mapema kuliko mimi. Msigombane juu ya vyombo. Sina… nimechoka sasa.

Nini, Inga? Maji? Hapana, usijisumbue.

La, kweli. Niko sawa.

Inga… mbona umeondoa kikombe.