Tambi za Uani

Kwenye basi la kwenda Kerege, Klementina alimsimulia bibi mmoja wa Dunda, mtu wa pwani, aliyeketi naye kwamba jana, na joto lile, gesi ilimwishia huku mama mkwe keshafika, ikabidi apike tambi uani kwenye jiko la mishikaki.

"Ukatia tui na sukari?"

"Nyanya na pweza wa kuchoma, bibi. Kwetu Bukoba tambi si za sukari."

"Masikini! Mkweo kasemaje?"

"Kanyamaza, mimi roho juu. Kumbe mdomo umejaa! Akasogeza sahani nimwongeze."

"Adabu tu hiyo, mwanangu."

"Na zilizobaki akaondoka nazo na sufuria yangu. Ndiyo naifuata."

"Kawapelekea kuku."

Basi likasimama. Klementina akashuka akicheka, mwepesi kama aliyefaulu mtihani. "Basi kuku wa Kerege wana bahati, bibi!"