Familia Isiyokufa

Mama mshonaji alikaa nyuma ya wanafunzi wawili wa uchumi waliokuwa wakienda chuoni kwa basi.

"Kwenye hesabu zetu za uchumi kuna familia moja tu, badala ya zote," kijana alisema. "Inaishi milele, na kila leo inapanga kesho."

"Ndiyo maana kwa mama yako huendi," msichana akamjibu. "Mwaka wa pili huu."

"Nikimaliza mitihani, dada. Mama yupo tu."

"Yupo kwenye daftari lako."

Mshonaji akamkumbuka mwanawe akijifunza kujumlisha kwa vifungo, miguuni pake. Siku hizi mwana naye, anayesoma mbali, husema, "Nitakuja nikimaliza," na mama humjibu, "Haya, soma kwanza." Wazazi wenzangu, msijibu hivyo.

Basi likasimama, wale wakashuka wakibishana. Mshonaji akatoa simu amwambie mwanawe kwamba mama yake haoni tena tundu la sindano.